Bai ya Mihayo Kapela

Wimbo una dakika tisa na nusu, wa dansi, wa zamani, wa magitaa matatu yanayokimbizana bila kushikana, na Mihayo Kapela huuweka makusudi saa nane mchana, jua likiwa kali juu ya bati la studio, apate kuegemeza kichwa. Kulala hapana, mwenyewe atakukatalia. Mtangazaji aliyetangaza miaka kumi na tisa halali kazini, anapumzisha macho. Anavuta kiti nyuma, hedifoni ziko masikioni, kadi za salamu zimejaa mezani, na nyuma ya kioo Sikudhani, fundi mitambo, amempa kisogo anahangaika na waya zake. Gitaa la kwanza linaingia. La pili linaingia. La tatu linapoingia macho ya Mihayo yameshafumba, na kitu cha mwisho anachosikia kabla hajavuka ni kile ambacho kwa siku arobaini na mbili amekisikia kila akifumba macho: ko, ko, ko, fimbo inagonga ardhi nyuma yake, mwendo wa mtu asiye na haraka.

Hajafika mbali bado, kwa hiyo mjue kwanza ni nani huyu. Ni yule wa Salamu za Mchana, redio ya Urambo, anayesoma zile kadi ambazo watu hununua dukani na kujaza kwa kalamu: mimi fulani wa mahali fulani, nikiwa buheri wa afya, nawasalimu hawa na hawa popote walipo. Mwisho wa kila kadi Mihayo hulirusha neno lake moja la Kiingereza, analivuta mpaka linaimba: Baaai! Neno lenyewe kila mtu analo, hata mtoto wa kubebwa mgongoni hupunga mkono akalisema kabla hajajua kuomba maji, lakini hakuna anayelivuta kama yeye. Lilimpa jina. Akikatiza sokoni wauza dagaa wanamrushia, kwenye mabani ya kukaushia tumbaku wanamrushia, na ameshaitwa harusini mara nne kuja kulisema tu na kula wali. Mtu mmoja peke yake hakulipenda, naye ni mama yake, Bibi Nyamizi wa kijiji cha Isongwa, ng'ambo ya Usoke. Bibi Nyamizi alisikiliza kipindi chote, ila kila kadi ilipokaribia mwisho alipunguza sauti ya redio, akahesabu kimoyomoyo, akaipandisha tena. Alipoulizwa alisema, hilo neno, baba, ni la mtu ambaye ameshageuza mgongo. Alimwita baba kwa kuwa Mihayo amebeba jina la baba yake yeye Bibi Nyamizi.

Kwa Bibi Nyamizi kuagana kulikuwa kazi, na kazi ilikuwa na taratibu zake. Mgeni haagwi mlangoni, anasindikizwa. Mgeni anatangulia, msindikizaji anafuata nyuma, wanaongea hivyo hivyo bila kutazamana mpaka kwenye kichuguu kikubwa cha njia panda. Njiani mgeni hageuki, maana akigeuka ataonekana anaulizia alichosahau. Kwenye kichuguu ndipo anageuka, anashika mkono, anasema: umenifikisha, rudi sasa. Msindikizaji anajibu: nenda. Anarudi, naye hageuki tena. Sharti kubwa ni hilo la kurudishwa. Nyumbani kwao msindikizaji hakujirudisha mwenyewe hata siku moja. Mihayo alipokuwa darasa la tano aliwahi kumchosha mama yake makusudi, akanyamaza pale kichuguuni akapitiliza, wakatembea wote wawili mpaka karibu na reli ya Usoke, mama nyuma anacheka na kusema, nirudishe basi, baba, ugali wangu unaungua.

Sasa siku ile ya mwisho pikipiki ilikuwa inanguruma uani, kipindi kilikuwa kinamngoja mjini, na mama alikuwa ameinama anavaa katambuga zake, zile za matairi, mkono mmoja ukipapasa fimbo nyuma ya mlango. Mihayo alishapanda. Usijisumbue, mama, alisema, halafu akasema, bai! Jirani anasimulia kwamba mama alitoka hivyo hivyo, akafuata vumbi la pikipiki mpaka kwenye kichuguu, akasimama hapo hadi magharibi, na alipokuja kushikwa mkono alikubali kurudi nyumbani kwa kubembelezwa, lakini njia nzima alisema, nyinyi si wa kunirudisha. Siku ya tisa alikutwa kitandani amefariki. Alikuwa amevaa katambuga. Fimbo ilikuwa ubavuni. Mihayo akasisitiza kwamba tangazo la kifo atalisoma mwenyewe, na alilisoma vizuri, jina, umri, watoto, mahali pa maziko, hata sauti haikumtetemeka; alipofika mwisho, mdomo wake, ambao haukuulizwa na mtu, ukafanya ulichozoea. Baaai! Wilaya nzima ilisikia. Sikudhani akawahi kuweka kwaya. Msibani hakuna aliyeligusa jambo hilo, walimpa mkono wakampa pole, isipokuwa bibi mmoja aliyemwinamia sikioni akamwambia, tulikusikia, mwanangu. Pole zote Mihayo amezisahau, lakini hilo tulikusikia limemkaa kooni hadi leo.

Basi yuko ndani ya wimbo, na wimbo unapoteza gitaa moja, unapoteza la pili, na taa nyekundu ya juu ya mlango inazimika. Nyuma ya kioo hakuna mtu. Mihayo anasimama, anafungua mlango wa studio, na ule ujia wa hatua kumi unaokwenda kwenye ndoo ya maji ya kunywa unakwenda hatua kumi, unakwenda mia, kuta zinapungua kimo hadi zinakuwa majani, saruji inalainika inakuwa udongo mwekundu, na hapo ni barabara. Haina mwisho mbele. Mwanga unatoka mahali fulani nyuma yake, kivuli chake kimelala mbele ya miguu yake, kirefu kuliko kinavyopaswa saa nane. Ko, ko, ko. Anajua asigeuke. Hakumbuki nani kamwambia, shingo yenyewe ndiyo inayokumbuka. Anajua pia anachokifuata: kichuguu cha njia panda, na mama yake amesimama hapo, na yeye anafika, anamshika mkono, anamwambia yale maneno ambayo hakumwambia. Akiyasema mama atapumzika. Hilo tu ndilo analolitaka duniani, na kama hapa si duniani, analitaka hata hapa.

Mji wa kwanza ni Urambo, na si Urambo. Msikiti umekaa upande wa kanisa na kanisa limekaa upande wa msikiti, majina ya maduka yanasomeka kuanzia mwisho, na saa ya ukutani kwa kinyozi inatembea kurudi nyuma kwa bidii. Watu wamejaa milangoni, kila mmoja ameinua mkono wa kulia, kiganja wazi, na mikono hiyo haipungi wala haishuki. Hawana nyuso. Pale pa uso pana ngozi tupu, laini, isiyo na alama. Mihayo anaogopa, anaogopa kweli, lakini anapowapita wanaanza kujitaja mmoja mmoja na majina anayajua yote. Mimi Kulwa fundi baiskeli wa Kiloleni. Mimi Bibi Shija wa Songambele na wajukuu zangu wote. Ni wale wa kwenye kadi. Wangekuwaje na nyuso, anajiuliza akipita kati yao, mimi nimewasoma miaka kumi na tisa, nimemwona nani? Na aibu inamshika pamoja na hofu, vyote viwili kwa mkupuo.

Mwanamke mmoja mwenye kitenge cha njano anatoka mstarini, anaanza kutembea sambamba naye, mkono uko juu vilevile. Mimi Mama Shukuru wa Usoke, anasema. Mihayo anafurahi, maana huyu ni wa kadi tatu kwa wiki, mwandiko wa kulalia kushoto, salamu kwa shangazi aliyeko Mpanda. Mama Shukuru, anamwambia, shusha mkono basi, utachoka. Nimeshachoka, anasema Mama Shukuru, ila nishushe vipi, uliniaga mwaka juzi na hukungoja nijibu. Na hawa wote? Na hawa wote. Mihayo anataka kusema samahani, lakini barabara inawachukua, Urambo inaisha, na mbele inaanza Urambo nyingine, imegeuzwa tena kwa hiyo sasa imekaa sawa, msikiti mahali pake, kanisa mahali pake, na hilo linamtisha kuliko ile ya kwanza. Namtafuta mama yangu, anasema. Anayetafutwa huku hapatikani mbele, anasema Mama Shukuru. Unasemaje? Nasema, kitendawili! Na Mihayo, mtoto aliyekulia jikoni kwa Bibi Nyamizi akitegewa vitendawili hadi usingizi, anajibu kabla hajafikiri: tega.

Ukijibu unafika, anasema Mama Shukuru, ukishindwa unanipa mji, kama ilivyo kawaida. Naingia nyumba elfu kwa siku moja na sijavua viatu hata kwenye moja. Upepo, anasema Mihayo. Hapana. Moshi. Hapana, nipe mji. Mihayo anacheka kidogo, hofu ikiwa pale pale, anasema, haya, nimekupa Tabora. Mama Shukuru anaipokea kama inavyopokewa: Tabora nimeitwaa, Tabora nimekaa, nimekula asali yake nimeshiba, watu wake wamenifulia na kunipikia, jibu ni wewe na redio yako. Na mahali fulani kulia, mbali, ambako Mihayo alikuwa akisikia bila kujua kwamba anasikia, honi ya treni inakatika katikati, kelele za stesheni zinakatika, kibao cha barabarani kilichoandikwa Tabora kinabaki ubao mtupu. Huku mji ukitolewa unatolewa kweli. Mihayo anaacha kucheka.

Kitendawili, anasema Mama Shukuru. Sitaki, anasema Mihayo. Barabara inasimama. Si yeye aliyesimama, ni barabara. Miguu inakwenda na majani hayapiti, na nyuma fimbo nayo inasubiri. Haya, anasema, tega. Zamani ulikuwa mzigo wa watu wawili, leo mtu mmoja anaurusha kwa kidole. Mihayo anafikiri jembe la ng'ombe, anafikiri maiti, anaogopa kutaja maiti, anafikiri gunia la tumbaku. Anakosa. Anatoa Kaliua, na Kaliua inakwenda, na majogoo yake yanakwenda, na Mama Shukuru anasema, jibu ni neno lako. Neno langu lipi? Lile la kwenye kadi. Ah, anasema Mihayo, lile ni Kiingereza tu, la kufungia. Lilikuwa dua, anasema Mama Shukuru. Wenyewe huko lilikotoka walikuwa hawalisemi hivyo, walisema kwa kirefu, Mungu awe nawe, huyu anasema na yule anaitikia, maana anayekwenda hakuwa na uhakika wa kurudi na anayebaki hakuwa na uhakika wa kumkuta. Wakatembea nalo kama kiatu, wakatembea nalo, likalika upande huu, likalika upande huu, leo kimebaki kisigino. Hicho kisigino ndicho unachoturushia kila siku saa nane. Kumbe ni neno baya, anasema Mihayo. Siyo baya, anasema Mama Shukuru, na kwa mara ya kwanza sauti yake inakuwa ya mtu anayemhurumia. Limebeba kila kitu lilichokuwa nacho, ukilisema. Wewe hulisemi, baba, wewe unalirusha.

Wanatembea. Urambo ya tatu, Urambo ya nne, mikono ile ile milangoni, sasa viganja vimegeukia ndani. Mihayo anajaribu kumkumbuka mama yake usoni na anapata kilemba chake, anapata pete ya shaba, anapata namna alivyopuliza uji, uso haupati. Anaharakisha. Fimbo nyuma nayo inaharakisha, ko ko ko, na mtu wa nyuma anahema kama wanavyohema wazee, kwa kukohoa kidogo kila mwisho. Hapo majani yanapasuka na kichuguu kinatokea, kile kile, chekundu, kimeshinda kimo cha mtu, njia zinagawanyika mguuni pake. Mihayo anapiga mbio. Anakizunguka mara moja, anakizunguka mara mbili. Hakuna mtu. Anakaa chini kwenye vumbi, mtu mzima wa miaka hamsini na moja, anaanza kulia kwa sauti, kwa sababu alikuwa na sehemu moja tu ya kumtafutia na hayupo.

Kitendawili, anasema Mama Shukuru. Niache. Kitendawili, baba. Tega, anasema Mihayo, kilio kikiwa mdomoni. Ukienda anakwenda, ukisimama anasimama, hatakupita, hatakuacha. Mihayo anajipangusa pua. Hiki anakijua, hiki hata watoto wanakijua. Kivuli, anasema. Mama Shukuru anasogeza kidevu kuelekea chini, mkono uko juu vilevile. Kivuli chako kiko wapi? Mihayo anatazama. Kimelala mbele yake, kimempita, pale pale kilipokuwa tangu alipotoka studio. Nipe mji, anasema Mama Shukuru. Nakupa Urambo, anasema Mihayo. Urambo tumeipita mara nne, imekwisha. Nakupa Sikonge. Huo siutaki. Nipe Isongwa.

Anakaribia kuitoa. Mdomo wake ni ule ule, umezoea kutoa kabla ya kuulizwa, na tayari umeshashika herufi ya kwanza. Lakini anaiona Isongwa, nyumba ya matofali ya kuchoma, redio dirishani, mlango ambao nyuma yake hukaa fimbo, kaburi upande wa mihogo, udongo bado mbichi, na anaona vyote vinakatika kama ilivyokatika honi ya treni. Siwezi, anasema. Nikikupa Isongwa mama atarudi wapi? Na anapolisema hilo, atarudi, anatambua kwamba nyuma yake pako kimya. Pamekuwa kimya tangu alipokaa chini. Alipokimbia fimbo ilikimbia. Alipozunguka kichuguu ilizunguka naye, mara moja, mara mbili. Na sasa Mihayo hatembei, na wa nyuma amesimama. Siku arobaini na mbili. Kwenda kazini, kutoka kazini, kwenda msibani kwake mwenyewe, kutoka msibani kwake mwenyewe, mama yuko nyuma hatua saba, anakohoa kidogo, anamsindikiza, anangoja kurudishwa. Nimejibu, Mihayo anasema, na Mama Shukuru anasema, umejibu.

Anasimama. Anafungua mdomo aseme, umenifikisha, rudi sasa, na kinachotoka ni sauti ya saa nane, nzuri, ndefu, yenye tabasamu: Baaai! Inagonga kichuguu inarudi. Nyuma yake sauti ya kizee inasema, haya, baba, nakuja. Ko. Hatua moja imepungua. Hapana, mama, anataka kusema, na kinatoka tena, Baaai! Nakuja, baba, twende tu, hujafika bado. Ko. Hana kinyongo katika sauti, na hilo ndilo linalomkata maini. Amechoka na anakuja. Na tuseme ukweli wote, kwa kuwa huku hakuna wa kumficha: sehemu ya Mihayo haitaki kumrudisha. Siku arobaini na mbili fimbo imemnyima usingizi, lakini ilikuwa fimbo ya mama. Akimrudisha, nyuma yake patabaki barabara tu. Kwa muda anasimama na hilo, anaipenda ile ko ya nyuma yake, anaiogopa, anaipenda.

Kisha anageuka. Kwanza anatazama chini, kwa woga, anaona katambuga. Zimelika mpaka waya wa tairi umetokeza na nyayo zinagusa udongo. Hilo linatosha. Hatazami juu zaidi, anaogopa kukuta ngozi tupu pale pa uso, anainua mkono wake anautafuta ule mwingine na anaupata, mdogo, mkavu, pete ya shaba mahali pake. Analichukua neno lake, maana ndilo pekee mdomo unalokubali, lakini halirushi. Analisema taratibu, analirudishia kirefu chake, kipande kwa kipande, na kila kipande kinauma kikitoka. Mungu awe nawe, mama. Akutangulie ulikotoka na unakokwenda. Umenifikisha. Umenifikisha zamani, mimi ndiye sikusema. Nisamehe kwa ile pikipiki. Nisamehe kwa lile tangazo. Rudi sasa, ugali wako unaungua. Rudi, mama. Bai. Na mkono ule mkavu unambana mara moja, kwa nguvu ambayo hakuitegemea. Nenda, baba, anasema mama. Mkono unatoka ndani ya mkono wake. Katambuga zinageuka. Ko, ko, ko, zinakwenda upande wa Isongwa, na Mihayo anasimama kama inavyotakiwa mpaka hasikii tena, na bado anaendelea kusimama.

Wimbo umekwisha. Mihayo anafumbua macho na taa nyekundu inawaka, kipaza sauti kiko wazi mbele ya mdomo wake, uso umelowa hadi kolani, na mkono wake wa kulia uko mezani juu ya kadi, umekunjwa, umeshika hewa. Hajui amesema nini na nani amesikia. Anabonyeza wimbo mwingine, wowote. Simu ya studio inaita. Anapokea, na sauti anaijua, ingawa kwa miaka kumi na tisa hajawahi kuisikia. Mimi Mama Shukuru wa Usoke, inasema. Nimekusikia, baba. Tumekusikia sote hapa dukani. Mihayo analia tena, safari hii bila sauti. Mama Shukuru anamwacha alie, kisha anasema, ila nimepiga kwa jambo jingine. Kuna bibi amepita hapa nje sasa hivi, ana fimbo, katambuga zimemwishia miguuni. Nimemkaribisha maji, akasema hakai. Anarudi Isongwa. Kasema alikuwa anamsindikiza mwanawe, na amesharudishwa.

Uso wake ukoje, mama? anauliza Mihayo. Upande wa pili zinasikika kelele za dukani kwa mbali. Sijauona, baba, anasema Mama Shukuru. Nimemwita mara mbili, hakugeuka.

Neno limemjia Mihayo mdomoni, tayari kurushwa. Analishika. Mungu awe nawe, Mama Shukuru, anasema, na baada ya kusema hakati simu, anangoja. Nawe pia, baba, inajibu sauti, na kabla laini haijakatika anasikia mchakacho wa kitenge, wa mtu anayeshusha mkono uliokaa juu muda mrefu. Anaweka simu chini. Viatu vyake vina vumbi jekundu, lakini Urambo yote ni vumbi jekundu, hilo halisemi kitu. Saa ya studio ilikufa tangu mwaka jana, nayo haisemi kitu. Anatega sikio nyuma yake: pako kimya, kimya kabisa, kwa mara ya kwanza baada ya siku arobaini na mbili, na moyo wake umepumzika na umevunjika. Nyuma ya kioo Sikudhani bado amempa kisogo, ameinamia waya zake. Sikudhani, anamwita, hebu geuka nikuone uso. Mikono ya Sikudhani inaacha waya. Mihayo anangoja ageuke.